Ganzi, kutetemeka na kizunguzungu ukiwa unatumia dawa za sonona: ni wasiwasi, ni dawa, au ni ugonjwa wa ubongo?

Makala haya ni kwa ajili yako ikiwa unatumia dawa za sonona (wengine huiita mfadhaiko) na umeanza kuhisi mambo mwilini yanayokutia hofu. Labda vidole vinakufa ganzi, mikono inatetemeka, kichwa kinazunguka, au kope la jicho linacheza siku nzima. Watu wengi wanaojisikia hivi hujiuliza: Je, ni mawazo yangu? Je, ni hizi dawa? Au nina ugonjwa kichwani ambao haujaonekana?

Yote matatu yanawezekana, na wakati mwingine mawili huja pamoja. Kukosea ni hatari kwa upande wowote. Mtu anayeamini kwamba dawa inamharibu ubongo anaweza kuiacha ghafla, na sonona ikarudi kwa nguvu. Mtu anayeambiwa "ni mawazo tu" anaweza kubaki nyumbani huku kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukiendelea.

Makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Yatakusaidia kujua ni wakati gani unapaswa kukimbilia kituo cha afya, ni wakati gani unaweza kusubiri siku ya kliniki, na jinsi ya kueleza dalili zako ukifika. Tumeandika tukiwafikiria wakimbizi na wenyeji wanaoishi ndani na karibu na makazi ya Uganda kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, lakini dalili ni zilezile popote ulipo.

Usisubiri: nenda kituo cha afya sasa hivi ikiwa

- Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu wa upande mmoja umekosa nguvu ghafla, au maneno hayatoki vizuri. Hizi ni dalili za kiharusi. Angalia saa zilipoanza, umwambie daktari. Hata zikiisha baada ya dakika chache, nenda.
- Umeanguka na kupoteza fahamu huku mwili ukirukaruka, na hii ni mara ya kwanza. Au degedege imezidi dakika 5, au zinafuatana bila mtu kuamka katikati.
- Una homa pamoja na kuchanganyikiwa, shingo kukakamaa au degedege. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo.
- Kichwa kimeanza kuuma ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata.
- Miguu inapoteza nguvu siku hadi siku, au umeshindwa kuzuia mkojo au choo.
- Unatetemeka, unatoka jasho jingi, misuli inakakamaa na akili inachanganyikiwa baada ya kuongezewa dawa au kuichanganya na dawa nyingine.
- Umemeza vidonge vingi kuliko ulivyoandikiwa, kwa kukosea au kwa makusudi. Nenda hata kama bado unajisikia vizuri.
- Unafikiria kujiua au kujiumiza. Usikae peke yako. Mwambie mtu unayemwamini akusindikize.

Kama hakuna gari, mwite mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) wa eneo lako na majirani, mtafute bodaboda. Mgonjwa aliyepoteza fahamu asibebwe akiwa amekaa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki ikiwa kuna njia nyingine yoyote.

Dawa gani tunazungumzia?

Majina tumeyaandika kama yalivyo kwenye pakiti ili uweze kulinganisha. Katika vituo vingi vya afya utapewa mojawapo ya hizi mbili: fluoxetine, ambayo kwa kawaida humezwa asubuhi, au amitriptyline, ambayo humezwa usiku kabla ya kulala. Zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Waliotibiwa katika hospitali kubwa au kliniki binafsi wanaweza kuwa na nyingine, kwa mfano sertraline.

Amitriptyline hutolewa pia kwa kiasi kidogo kutibu maumivu ya mishipa ya fahamu na maumivu ya kichwa yanayojirudia. Kwa hiyo, ukipewa dawa hii, haina maana kwamba daktari amekuona una ugonjwa wa akili. Muulize amekupa kwa sababu gani.

Inapokuwa ni wasiwasi

Wasiwasi hauishi kichwani peke yake. Mwili ukiamini kuna hatari, moyo hukimbia, misuli hukaza na pumzi huwa za haraka. Mtu aliyekimbia vita huenda mwili wake ulijifunza kukaa hivi kwa miezi au miaka, na hata mlango ukigongwa usiku unatosha kuuamsha.

Ukipumua haraka kwa muda, hewa ya kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu. Hapo ndipo ganzi inapoanza kuzunguka mdomo, kwenye vidole vya mikono na wakati mwingine miguuni, mara nyingi pande zote mbili. Vidole vinaweza hata kujikunja na kukaza. Kichwa huwa chepesi, macho huona ukungu, na unahisi kama unakufa. Lakini pumzi ikitulia, hali hurudi ya kawaida.

Dalili za wasiwasi mara nyingi huwa hivi:

- Huja na kuondoka. Shambulio la hofu hupanda hadi kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka.
- Huhamahama. Leo ni mkono, kesho ni kifua, keshokutwa ni kichwa.
- Huongezeka ukizifikiria na hupungua ukiwa na shughuli au mazungumzo.
- Hazikuzuii kufanya kazi ya mwili. Unahisi mikono imelegea, lakini ukibeba dumu la maji la lita 20 unafika nalo nyumbani.

Jicho kucheza ni mfano mzuri. Wengi tumelelewa kuamini kwamba ni ishara ya habari inayokuja. Kwa kawaida ni misuli midogo ya kope iliyochoka: usingizi haba, kahawa au chai nyingi, mawazo. Hukaa siku chache au wiki kisha huisha.

Jaribu hivi shambulio likianza: kaa, weka mkono juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5. Ganzi ikipungua kadiri pumzi inavyotulia, umepata jibu la maana la kumpelekea daktari. Usipumulie ndani ya mfuko.

Inapokuwa ni dawa

*Wiki za kwanza.* Fluoxetine inaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, mtetemeko mdogo wa mikono, na hata kuongeza wasiwasi kabla ya kuupunguza. Hili huwavunja moyo watu wengi: umeenda kutafuta nafuu, na siku ya tatu unahisi vibaya zaidi. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki 2 hivi, wakati nafuu yenyewe ya sonona huchukua wiki 4 hadi 6. Ukihisi huwezi kutulia hata kukaa, au mawazo ya kifo yameongezeka, usisubiri wiki ziishe. Rudi mara moja, hasa kama una umri chini ya miaka 25.

Amitriptyline huleta usingizi, mdomo mkavu, choo kigumu, macho kuona ukungu na kizunguzungu unapoinuka. Inuka kwa hatua: kaa kwanza pembeni ya kitanda au mkeka, ndipo usimame. Ukishindwa kukojoa kabisa, nenda kituo cha afya. Dawa hii ikizidi kiasi huathiri moyo na inaweza kuua, kwa hiyo ifiche mahali ambapo watoto hawafiki.

*Dawa ikikatika ghafla.* Hii hutokea sana kwetu: kituo kimeishiwa, umesafiri kuhakiki kadi, au umehamia eneo jingine. Siku chache baadaye unaweza kupata kizunguzungu, jasho, ndoto mbaya, hasira za haraka, na kwa baadhi ya dawa kama sertraline, hisia kama shoti ya umeme inayopita kichwani. Inatisha, lakini si ubongo unaoharibika. Fluoxetine hutoka mwilini polepole, hivyo dalili zake za kukatika huwa ndogo au huchelewa. Njia ya kujua ni kuhesabu siku: je, dalili zilianza baada ya vidonge kuisha?

*Dawa zinazogongana.* Mwambie daktari kila unachotumia, pamoja na ulichonunua dukani na dawa za miti. Jihadhari hasa na hizi:

- Tramadol, ambayo wengi hununua kwa maumivu ya mgongo. Ikichanganywa na dawa za sonona inaweza kuleta mtetemeko, jasho, homa, kuchanganyikiwa na degedege.
- Linezolid, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu.
- Dawa za kifafa. Fluoxetine inaweza kuongeza kiasi cha carbamazepine kwenye damu, na amitriptyline inaweza kurahisisha kifafa kutokea. Kama umewahi kuanguka kifafa, sema kabla ya kuanza.
- Pombe. Mtu aliyezoea waragi kila siku akiacha ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache hadi siku moja, na anaweza kupata degedege. Usione aibu kulisema. Ni hatari inayotibika.

Inapokuwa ni ugonjwa wa ubongo au mishipa ya fahamu

Magonjwa haya mara nyingi hayahamihami. Hushika sehemu, hukaa hapo au huenea kwa mpangilio, na huondoa uwezo uliokuwa nao. Kujisikia dhaifu na kushindwa ni vitu viwili tofauti. Angalia kama umeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu, kutembea kwa visigino, au kama kandambili inakutoka mguuni bila wewe kuhisi. Angalia kama unayumba sana gizani ukienda chooni kuliko mchana. Haya daktari anapaswa kuyapima.

Usidanganywe na kanuni ya "pande zote mbili ni wasiwasi". Mishipa ya fahamu ya miguu ikidhurika, ganzi au kuungua huanza kwenye nyayo zote mbili na hupanda taratibu kama soksi. Tofauti ni kwamba haiondoki ukitulia. Iko asubuhi, iko usiku, kwa wiki na miezi. Sababu zinazojulikana katika maeneo yetu ni hizi:

- Isoniazid, dawa ya kutibu na kuzuia kifua kikuu. Hupunguza vitamini B6 mwilini. Uliza kama umepewa vitamini hiyo pamoja nayo.
- Kisukari, ambacho wengi hawajui wanacho hadi wapimwe.
- Virusi vya Ukimwi, pombe nyingi, na chakula kisicho na mchanganyiko.
- Ukoma. Baka lililopauka kwenye ngozi lisilohisi hata likiguswa linahitaji kupimwa, na ukoma unapona kwa dawa.

Kuna pia konzo, ugonjwa unaojulikana Kongo tangu miaka ya 1930. Hutokana na kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wakati mtu hapati maharage, samaki au nyama. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi. Mgao wa chakula ukipungua, watu hufupisha siku za kuloweka ili wale haraka. Usifupishe: loweka muhogo mchungu siku 3 au zaidi hadi ulainike, kisha uuanike juani ukauke kabisa.

Kifafa kinachoanza ukubwani kinahitaji kutafutiwa sababu. Katika maeneo yenye ufugaji wa nguruwe, mayai ya minyoo ya tegu yanaweza kumfikia mtu kupitia uchafu na kuishia kama vifuko kwenye ubongo. Sababu nyingine ni malaria kali iliyopita na majeraha ya kichwa. Kama uliwahi kupigwa kichwani na sasa kichwa kinauma zaidi asubuhi pamoja na kutapika, au macho yanaona viwiliviwili, mwambie daktari yote mawili, hata kama kipigo kilikuwa cha zamani.

Shambulio la hofu na kifafa huchanganywa mara nyingi. Katika hofu, mtu kwa kawaida anasikia na kukumbuka yote. Katika kifafa kikubwa, hakumbuki. Anaweza kujing'ata ulimi, kujikojolea, na kuamka akiwa amechoka na kuchanganyikiwa.

Maswali 5 ya kujiuliza

1. Ilianza lini? Ghafla kwa sekunde, taratibu kwa wiki, au siku chache baada ya kuanza, kuongeza au kukosa dawa?
2. Iko wapi? Upande mmoja, pande zote, au inahama?
3. Inakaa muda gani? Dakika, au haiondoki?
4. Inazidi kuendelea, au iko vilevile?
5. Nimeshindwa kufanya nini ambacho mwezi uliopita nilikiweza?

Kama majibu yako ni "inahama, inakaa dakika, sijashindwa chochote", huenda ni wasiwasi, na unaweza kusubiri siku ya kliniki. Kama ni "upande mmoja" au "haiondoki na inazidi" au "nimeshindwa", nenda upimwe mapema. Kama ni "siku chache baada ya dawa kubadilika", rudi kwa aliyekuandikia dawa.

Jinsi ya kumweleza daktari au muuguzi

Foleni ni ndefu na muda wa kuongea ni mfupi. Andika majibu ya maswali hayo nyuma ya daftari lako la matibabu, au mwombe mtoto anayesoma akuandikie. Beba pakiti za dawa zote. Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani. Si lazima awe jirani yako au mtoto wako, hasa kama kuna mambo ya siri.

Usianze na "ninaumwa mishipa" au "nina mawazo", kwa sababu maneno haya yanabeba magonjwa mengi. Sema kinachotokea, kwa mfano:

"Daktari, nilianza fluoxetine wiki 3 zilizopita. Tangu wiki iliyopita mguu wangu wa kulia unaburuza. Mchana na usiku ni vilevile."

Au: "Ganzi inanijia mdomoni na mikononi usiku, nusu saa, halafu inaisha. Nikipumua polepole inapungua."

Maelezo haya mawili yanampeleka daktari kwenye njia mbili tofauti, bila wewe kutaja jina la ugonjwa wowote.

Wakikuambia "ni mawazo tu"

Huenda ni kweli kwamba dalili zinatokana na wasiwasi. Hata hivyo si za kujifanya, na zina tiba. Lakini una haki ya kupimwa. Unaweza kuuliza kwa heshima: "Je, mmepima shinikizo la damu, sukari na nguvu za mikono na miguu? Ni dalili gani zikitokea nirudi?" Vipimo hivi vya mwanzo havihitaji mashine kubwa, na watu wengi hawatahitaji kupigwa picha ya kichwa. Dalili zikizidi, uliza kama unaweza kupewa rufaa kwenda kituo cha afya cha ngazi ya IV au hospitali.

Kuwa na sonona hakumkingi mtu na magonjwa mengine. Dalili mpya ni dalili mpya, hata kwa mtu ambaye faili lake lina miaka mitatu ya kliniki ya afya ya akili.

Usiache dawa peke yako

Kama unaamini dawa ndiyo tatizo, rudi kwa aliyekuandikia. Anaweza kupunguza kiasi, kubadilisha saa ya kumeza, au kukupa nyingine, na kama ni kuacha, mtaacha taratibu. Usimpe mtu mwingine dawa zako, na usimeze za jirani zako zikiisha. Nenda kuchukua nyingine kabla ya vidonge vya mwisho. Ukitaka kuombewa au kutumia dawa za asili, usiache dawa za kliniki kwa sababu hiyo, na mwambie daktari unachokunywa.

Kwa familia na majirani

Mtu akipata degedege, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza na mlaze kwa ubavu degedege inapopungua. Usimwekee kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, na usimkandamize. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumshika. Hesabu dakika, kwa sababu daktari ataziuliza.

Mtu akiwa kwenye shambulio la hofu, usimwambie "acha kuogopa". Kaa naye, ongea polepole, pumueni pamoja.

Wapi pa kupata msaada

Huduma katika vituo vya afya vya serikali nchini Uganda ni bure, kwa wakimbizi na kwa wenyeji. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako siku ya kliniki ya afya ya akili katika kituo chenu. Ikiwa wewe ni mkimbizi na umenyimwa huduma, umetozwa pesa isivyo halali, au hujui uende wapi, piga bure 0800 323 232. Laini hii inapokea maswali na malalamiko ya wakimbizi, na unaweza kuzungumza Kiswahili. Si laini ya gari la wagonjwa. Kwa dharura, nenda moja kwa moja kituo cha karibu.

Kama ulisoma makala haya ukiwa na hofu, chukua daftari sasa na ujibu yale maswali 5. Ukimaliza, utajua kama ni safari ya leo au ya siku ya kliniki.